Makadamia zilizoanguka: mkono, neti, kiokotezi cha waya au vakyumu?

Msimu wa makadamia ukikolea, kuanzia Machi kwenda katikati ya mwaka, kila boma lenye miti kumi au kumi na mitano huko Embu, Meru, Kirinyaga na Murang'a huwa na swali moja: nani ataokota? Watoto wako shuleni, vijana wako mjini au kwenye bodaboda, na mgongo wa mzee umechoka kuinama. Ndipo mtu anaitazama ile vakyumu ya dramu iliyonunuliwa kusafishia gari, au ile ya karakana inayomeza misumari na vumbi la randa, akawaza: mbona hii isimeze njugu?

Itameza. Kwingine duniani kufyonza njugu ni kazi ya kila msimu. Mashamba ya hazelnati upande wa Viterbo, kaskazini mwa Roma, huvunwa kwa mashine za kufyonza kutoka ardhini, na Australia, asili ya makadamia, kuna wakulima wanaofanya vivyo hivyo. Ila hizo ni mashine za shamba, kubwa na zilizoundwa kwa kazi hiyo. Yako ni dramu ya lita 20 au 30 yenye waya wa mita chache.

Mwenye haraka achukue msimamo wangu sasa hivi. Kwa boma la kawaida lenye nyasi fupi, kiokotezi cha waya, yaani tufe la nyaya lenye mpini mrefu, kinaishinda vakyumu. Kwenye mteremko, neti iliyotandikwa chini ya mti inavishinda vyote viwili. Vakyumu inastahili pale njugu zinapoangukia kwenye sakafu ngumu, kwenye mtaro au chini ya ua wa miiba, tena bomba lake liwe pana. Mkono una kazi kila mahali, utake usitake.

Kwanza, kwa nini tunaokota

Wapo watakaosema haya yote ni usumbufu: chukua fito ndefu, piga matawi, zote zianguke siku moja, broka abebe. Hapo ndipo bei ya makadamia ya Kenya ilipoharibikia. Makadamia iliyokomaa hujiangukia yenyewe. Ukipiga tawi, unaangusha iliyokomaa pamoja na changa, na changa haina mafuta ya kutosha. Kiini kilichokomaa kina mafuta asilimia 72 au zaidi, ndiyo maana huelea kwenye maji, kichanga huzama. Kwa macho unaweza kupima shambani: ambua ganda la kijani utazame upande wake wa ndani. Ukiwa wa kahawia, njugu imeiva. Ukiwa mweupe, iliyoko mkononi mwako ni hasara ya mtu fulani, na hatimaye ni yako. Ni kwa sababu hiyo mamlaka ya kilimo, AFA, imekuwa ikifunga uvunaji kwa miezi kadhaa kuanzia mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo kuokota chini ndiko kuvuna kwenyewe. Shida ni kwamba njugu haziangukii siku moja; zinadondoka kwa wiki nyingi, na msimu wetu mkuu unakutana na masika. Njugu ikilala kwenye majani yaliyolowa inapata ukungu, panya anaitoboa, kindi anaihamisha, na ikikaa zaidi inaanza kuchipua. Angalau mara moja kwa wiki uwe umepita chini ya kila mti. Napima vifaa hivi kwa kigezo hicho: kipi kitakufanya upite kila wiki bila kutafuta kisingizio? Kasi ya siku moja haina maana sana.

Vakyumu: pima bomba kabla ya kuuliza nguvu ya mota

Wauzaji hutaja wati. Wati 1,200, wati 1,400, dramu ya chuma, inafyonza maji na vumbi. Hayo ni mazuri, lakini kwa makadamia namba inayoamua ni upana wa bomba. Vakyumu nyingi za nyumbani zinazouzwa kwetu zina bomba la milimita 35. Makadamia iliyotoka kwenye ganda la kijani ina upana wa milimita 20 hadi 30 hivi. Ikiwa bado imevaa ganda lake mara nyingi inazidi 30, na zile nene zinakaribia 40. Fanya hesabu mwenyewe. Iliyo uchi itapita ikiwa peke yake; mbili zikikutana kwenye kona zitakwama. Yenye ganda itasimama mdomoni mwa bomba na mota itaanza kupiga mluzi.

Kinachowaponza wengi hata hivyo ni maungio. Bomba linaweza kuwa pana vya kutosha, halafu pale linapoingia kwenye dramu kuna kona nyembamba, au mkono wa plastiki ulioungwa una kingo kwa ndani. Ushauri wangu ni rahisi: nenda dukani na makadamia mfukoni, moja uchi na moja yenye ganda, ile nene kuliko zote utakazopata. Zipitishe kwa mkono katika kila kiungo, kuanzia mdomoni hadi ndani ya dramu. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Marekani, ambako watu wengi hufyonza njugu uani, vakyumu za karakana huja na bomba la inchi 2.5, yaani karibu milimita 63. Mashine hiyo ni nyingine kabisa kwa kazi hii. Ukibahatika kupata ya namna hiyo, makadamia zenye ganda zitapita na utasikia zinavyogonga dramu kwa fujo. Hakikisha tu ni ya volti 240. Ile ya volti 120 iliyoletwa kwenye begi la shangazi kutoka ughaibuni itaungua siku ya kwanza ukiichomeka ukutani bila transfoma.

Tatizo la pili ni majani. Jani la makadamia ni gumu, halikunjiki, na halisagiki kwa haraka. Likilala bapa kwenye mdomo wa bomba linaziba kama kifuniko cha sufuria. Yanayopita nayo yanajaza dramu, kwa hiyo unapofungua unakuta nusu ni takataka, na bado utakaa chini kuchambua. Kuna njia mbili za kupunguza adha hiyo. Moja ni kuchana kwa reki kwanza, polepole, majani yaende na njugu zibaki. Nyingine ni kutumia tundu la kutolea hewa: vakyumu nyingi za dramu hukuruhusu kuchomeka bomba upande wa nyuma ili zipulize. Puliza majani kando, kisha rudisha bomba upande wa kufyonza. Inafanya kazi vizuri yakiwa makavu. Yakiwa yamelowa yanagandamana na ardhi na hayaendi popote.

Wapo wanaoongeza ndoo ya kati: ndoo nene ya rangi ya lita 20, kifuniko kinachobana, matundu mawili juu. Bomba moja linatoka ardhini, la pili linaenda kwenye vakyumu. Hewa ikiingia katika uwazi wa ndoo inapoteza kasi, njugu zinadondoka, vumbi peke yake linaendelea mbele. Faida yake ni kwamba filta inakaa safi na unamwaga ndoo badala ya kufungua dramu kila mara. Usitumie ndoo laini; bomba likiziba, hewa inayovutwa itaibonyeza ndoo ikunjane.

Onyo moja lisichukuliwe kwa wepesi. Vakyumu ya dramu si ile mashine ya kupuliza na kufyonza majani ya bustani. Katika dramu, njugu hudondoka kabla ya kufika kwenye feni. Katika nyingi za zile za majani, kila kinachofyonzwa hupita katikati ya mapanga ya feni, yaliyowekwa makusudi kusaga majani. Ganda la makadamia ni miongoni mwa maganda magumu kuliko yote ya njugu zinazoliwa. Kati ya panga la plastiki na makadamia, mshindi unamjua.

Halafu kuna umeme. Gharama yake ni ndogo: mashine ya wati 1,200 ikifanya kazi saa nzima inakula yuniti 1.2, jambo la shilingi thelathini na kitu hivi. Shida ni waya na maji. Miti iko mita arobaini kutoka kwenye soketi, masika yameloesha nyasi, na ekstensheni ya sebuleni ina kiungo kilichofungwa kwa utepe. Usifanye hivyo. Tumia waya mnene wa nje usio na viungo, ufunguliwe wote usikae umezungushwa kwenye gurudumu lake, na soketi iwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Ardhi ikiwa imelowa, ahirisha. Sasa rudi kwenye kigezo chetu cha kila wiki, ukumbuke mvua za Aprili, na utaona kwa nini siipi vakyumu nafasi ya kwanza.

Vumbi nalo lina madhara. Majani yaliyooza yana ukungu, na mashine yenye filta iliyochoka inaupuliza hewani karibu na pua yako. Vaa barakoa. Mwenye pumu amwachie mwingine.

Pamoja na hayo yote, kuna mahali vakyumu haina mpinzani. Kama mti umesimama karibu na nyumba na njugu zinaangukia kwenye kabro, kwenye mtaro wa saruji au kwenye kokoto nene zisizovutwa, dakika chache zinatosha na hakuna kuinama. Chini ya ua wa kayaba vilevile. Aliyewahi kuingiza mkono mle anajua miiba yake. Bomba refu linaingia na kutoka bila damu. Na kwa mtu ambaye magoti hayakunjiki tena, kifaa kinachomwezesha kuokota njugu zake mwenyewe akiwa amesimama kina thamani ambayo hesabu ya kilo haiionyeshi.

Usiache njugu zilale ndani ya dramu. Zina unyevu wa asilimia 20 na zaidi zikiwa zimeanguka karibuni, na ndani ya dramu iliyofungwa zinatoa jasho. Mwaga, chambua, ambua maganda ya kijani ndani ya saa 24, kisha zitandaze kivulini juu ya meza ya waya.

Kiokotezi cha waya

Ni tufe la nyaya za chuma lenye umbo la yai, limefungwa kwenye mpini mrefu. Unalisukuma juu ya nyasi kama fagio lenye gurudumu. Nyaya zinapanuka zinapokutana na njugu, njugu inaingia, nyaya zinarudi. Likijaa unalipanua juu ya ndoo na kumwaga. Hakuna umeme, hakuna filta, hakuna kelele, na mtoto wa miaka minane atakunyang'anya.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba majani mengi hayaingii. Jani bapa linapita kando, njugu ya duara inaingia. Kwa hiyo unachomwaga kwenye ndoo ni njugu, pamoja na kokoto chache zenye ukubwa wa njugu. Nyasi zilizolowa hazimsumbui mtumiaji. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, ambapo vakyumu imefungiwa stoo, wewe unaokota.

Udhaifu wake: vinauzwa kwa saizi, na saizi ikikosewa njugu ndogo zinavuja. Chagua ile ambayo nafasi kati ya nyaya ni ndogo kidogo kuliko makadamia uchi. Zenye ganda zitajipenyeza zenyewe. Havipatikani katika kila duka la pembejeo, wengi huagiza mtandaoni. Fundi wa jua kali anaweza kukuigia umbo, ila asitumie waya wa kufungia vyuma vya ujenzi. Waya ule ukipinda haurudi, na kazi yote ya kifaa hiki ni kupinda na kurudi. Lazima uwe waya wa springi. Tena hakifai kwenye matope mazito, kwenye nyasi ndefu, wala kwenye pembe ya ukuta ambako tufe halifiki.

Neti

Kwa boma lililo kwenye migongo ya Murang'a au Nyeri, mjadala wa vakyumu na kiokotezi ni wa watu wengine. Huko makadamia ikianguka haikai ulipo mti. Inabingirika hadi kwenye chai ya jirani au mtoni. Dawa ni kuizuia kabla haijasafiri. Neti ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu, tandika chini ya mti na uinue ukingo wa chini ya mteremko kwa vijiti, iwe na mdomo wa kukinga. Kila wiki mnashika pembe, mnazikusanya katikati, mnamimina kwenye gunia.

Turubai silipendekezi. Linashika maji, na njugu zinalala kwenye dimbwi. Neti inapitisha mvua. Lakini neti ina adui wawili: mbuzi na mwizi. Njugu zilizokusanyika mahali pamoja zinamrahisishia kazi anayekuja usiku, na wizi wa makadamia si hadithi kwa anayeishi huko. Weka neti kwenye miti iliyo karibu na nyumba au mahali mbwa anaposikia, ile ya mbali ukaiokote mara nyingi zaidi.

Mkono

Siupambi wala siudharau. Mkono unatofautisha iliyotobolewa na nzima hapo hapo, jambo ambalo hakuna mashine kati ya hizi inayoliweza. Kwa mti mmoja au miwili, ndoo na dakika chache jioni zinatosha na kununua chochote ni anasa. Vaa glavu: majani makavu ya baadhi ya miti ya makadamia yana kingo zenye miiba, na chini ya majani kuna nge na wakati mwingine nyoka. Kinachoua mkono ni wingi. Kilo moja ni njugu kama 130 hadi 150, na kila moja ni kuinama.

Na ikiwa si makadamia?

Wasomaji wa Mtwara na Lindi wasijisumbue na vakyumu. Korosho huanguka ikiwa imeshikana na bibo, tunda laini linalopasuka. Utakachopata ndani ya dramu ni uji mtamu na nyuki. Korosho ni ya kuokota na kunyonga kwa mkono.

Walio Texas wenye mti wa pekani nyuma ya nyumba, ambao ndio mti rasmi wa jimbo hilo tangu 1919, wana bahati kuliko sisi. Pekani ni nyembamba na nyepesi, inaanguka majira ya majani kupukutika, nyasi zimekatwa, na bomba la inchi 2.5 liko dukani. Hapo vakyumu na kiokotezi vinakaribiana, na ningechagua vakyumu kama gereji iko karibu na mti. Walnati nyeusi ni kesi nyingine: ganda lake la nje ni nene, linaoza na kutoa maji meusi yanayopaka kila kitu. Usiiingize kwenye mashine unayotaka kusafishia gari.

Hesabu ya shilingi

Mti uliokomaa na kutunzwa unaweza kukupa kilo 30 hadi 50 za makadamia kwa mwaka. Miti kumi, tuseme kilo 300. Bei ndiyo haitabiriki: kuna miaka kilo ilikaribia shilingi 200, na mwaka 2023 wako waliouza chini ya 50. Kwa bei ya 100, miti hiyo inakuletea 30,000. Vakyumu ya dramu ya maana inaanzia kama 10,000 na inaweza kupita 20,000. Kuinunua kwa ajili ya njugu peke yake ni kumpa fundi wa mashine theluthi moja hadi theluthi mbili ya mavuno ya mwaka, au zaidi. Kama tayari unayo kwa kazi nyingine, hapo gharama ni ya bomba pana na ndoo ya kati tu, jaribu.

Kibarua wa siku, kwa shilingi 400 au 500, anashinda mashine zote siku ile njugu zimeanguka kwa wingi baada ya upepo. Hashindi wiki za mwisho, ambapo kuna njugu tano hapa na saba pale, na hakuna anayetaka kumlipa mtu kutembea. Wiki hizo ndizo za kiokotezi cha waya. Mkiwa maboma matatu manne yaliyopakana, nunueni kimoja na mpeane zamu ya siku. Hakiharibiki kwa kuazimana, isipokuwa mtu akikitumia kuokotea mawe.

Neti ya kivuli hununuliwa kwa mita, na ikiwekwa stoo baada ya msimu inarudi mwaka unaofuata. Anza na miti miwili inayozaa zaidi.